Sahani za Soda Chini ya Kitanda

Hebu niambie wewe unayesoma: ukisikia harufu chumbani kwa mgonjwa, unauliza inatoka wapi, au unatafuta cha kuifunika?

Mke wa fundi viatu alikuwa hodari wa bekingi soda. Vijiko viwili na maji ya moto, utando wa birika unatoka. Kidogo kwenye kitambaa kibichi, doa la chai linaondoka sinkini. Bakuli wazi ndani ya friji, kitunguu hakinuki tena. Majirani walimwita Mama Soda, naye akacheka. Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, mwoka keki wa siku nyingi, aliyezoea kumwambia, "Osha kwanza, mwanangu. Soda inaondoa harufu, kuosha haioshi."

Kisha mama mkwe akateleza, akavunjika nyonga, akalazwa chumba cha nyuma. Mwezi wa kwanza aligeuzwa na kuogeshwa. Wa pili, Mama Soda akachoka. Mumewe akapita mlangoni kaziba pua.

"Nyumba inanuka, bwana!"

"Si mama yako? Ingia umgeuze."

"Hizo kazi zenu wanawake. Weka hiyo soda yako."

Akaweka. Sahani moja chini ya kitanda, kisha tatu. Akanyunyiza na shukani, akapangusa juu juu.

"Mkwe wangu," bibi aliita.

"Nakuja, mama, nimebandika sufuria."

Hakuja. Na jikoni, wallahi, hapakuwa na sufuria.

Wageni walimsifu: "Una mgonjwa, lakini nyumba haina hata harufu! Unajua kutunza, dada." Sifa zikamnogea.

Siku moja jirani yao muuguzi akaja kumjulia hali bibi. Alifunua shuka. Mgongoni palikuwa na kidonda cha kuingiza ngumi, na pembeni yake unga mweupe ulioganda.

"Nani alimgeuza mara ya mwisho?"

Mume alimtazama mke. Mke alizitazama sahani.

Hospitali ilijitahidi, lakini usaha ulikuwa umekwisha kuingia damuni.

FUNZO

Ndugu zangu, soda ni ya birika, sinki na friji. Haitibu kidonda, haimgeuzi mgonjwa. Harufu ikizidi, funua shuka, ita mganga wa hospitali. Nanyi watoto wa kiume, aliyewaosha mkiwa wachanga si mzigo wa wake zenu peke yao.

Mama Soda hakujifunza mapema. Jioni ya mwisho hospitalini alimwinamia bibi akilia, mumewe kasimama mlangoni, safari hii hakuziba pua.

"Mama, ulikuwa unaniitia nini siku zile zote?"

Bibi alivuta pumzi taratibu.

"Nilitaka unigeuzie upande wa dirisha, mwanangu. Basi."