Sura ya Tisa

Soko la Ukunda lilikuwa limefurika siku Nusaiba alipokutana na Muzammil. Alikuwa akivutana bei na muuza kanga, buibui limejaa vumbi, sauti imemkauka baada ya zamu ndefu ya uuguzi Msambweni. Muzammil, kijana mrefu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alimsikiliza, akamwomba radhi, akamweleza kuwa anatafuta sauti kama yake kwa podikasti ya kutisha: mwanamke aliyekufa anayeita watu kutoka kisimani.

"Yaani nina sauti ya maiti?"

"Ya maiti mzuri, dada."

Nusaiba alicheka, uchovu na yote. Wakaanza kurekodi kila Jumamosi, na kabla ya mwaka kuisha walikuwa wapenzi.

Podikasti ilipendwa, Muzammil akaigeuza riwaya. Nusaiba aliisoma wakati wa mapumziko ya mchana, na sura ya tisa ikamkata maini. Mama anamwita bintiye aliyelala chumba cha pili, anaita mpaka anakata roho, na binti anamsikia asiinuke. Hayo hayakubuniwa. Ilikuwa siri yake, aliyomwambia Muzammil peke yake, kipaza sauti kimezimwa. Hata babake kule Waa hakuijua.

Akaacha kupokea simu zake. Baada ya wiki tatu alipokea, kwa kuwa alikuwa amechoka hata kukataa.

"Nilidhani naandika hofu, kumbe nakuanika wewe," Muzammil alisema. "Nisamehe, habibti. Nataka kukuoa."

"Vitabu viko madukani. Utavirudisha?"

"Siwezi."

"Basi nenda kwa baba. Kabla ya posa, mweleze ulichoandika, asije akakisikia kwa majirani. Mimi nimeshindwa kumwambia miaka sita."

Ijumaa, baada ya swala, babake alipiga simu. Nusaiba aliegemea ukuta wa wodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wako amenisomea sura moja, akashindwa kuimaliza." "Usiku ule nami nilimsikia mamako. Nilidhani wewe umeshaamka, nikageuka upande wa pili. Sijapata kumwambia mtu."

Nusaiba alitazama saa ya wodi.

"Muzammil bado yupo?"

"Yupo. Nimemwambia posa siijibu mpaka uje."

Akaomba ruhusa ya nusu siku, ya kwanza tangu mwaka uanze, akatoka na sare yake ya kazi bila kubadilisha hata viatu.