Kipimo cha Maji Matupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wytske alivaa mabuti ya mpira akaingia zizini kuvizia mikojo ya ng'ombe sita. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikwisha kujua kwamba ng'ombe akipapaswa chini ya mkia hukojoa upesi, na kwamba anayepapasa sharti awe mwepesi wa kuruka.

"Daktari wa mikojo ameamka?" baba yake, Durk, alimtania huku akikamua.

"Ameamka, Baba. Na Antsje ameshamlowesha buti."

Antsje alikuwa ng'ombe wake mwenyewe. Wytske alimnyonyesha kwa chupa tangu akiwa ndama, na hata sasa ng'ombe huyo alimfuata akimlamba mkono.

Kazi ya vipimo alipewa na shangazi yake, Froukje, mtafiti wa chuo kikuu. Majani mabichi ya mwanzo wa machipuko huwa na magnesiamu kidogo, na ng'ombe akipungukiwa na madini hayo hutetemeka, huanguka na kufa. Shangazi alitengeneza dawa ya rangi ambayo ikikutana na magnesiamu hung'aa kijani. Wytske alitia tone la mkojo katika kichupa cha maji yaliyosafishwa yasibaki na madini, akaongeza tone la dawa, akakitumbukiza katika kisanduku chenye taa ya buluu. Kisanduku kilipima mng'ao na kutoa namba, naye akaiandika daftarini.

"Lakini kwanza pima maji matupu na dawa," Shangazi alimsisitizia. "Namba yake iwe karibu na sifuri. Maji ya bomba yana madini, hung'aa yenyewe. Usiyatumie kamwe."

Jumamosi ya kuwafungulia ng'ombe waende malishoni baada ya miezi ya baridi zizini, majirani walijaa uani na kahawa na keki, wakingoja kuwaona wakirukaruka kwa furaha. Wytske alikuwa anamaliza vipimo mbio mbio asipitwe. Dumu la maji yaliyosafishwa likamponyoka, likapasuka, maji yote yakaenda na mfereji.

Angesema, yangekwisha siku ile ile. Lakini baba yake alikuwa amejisifu mbele ya majirani kwamba binti yake hajawahi kuharibu kitu. Aliona haya. Alificha dumu nyuma ya marobota ya nyasi, na kesho yake akajaza vichupa kwa maji ya bomba. Maji matupu hakuyapima. Alinakili namba ya Ijumaa.

Kwa siku tatu vichupa vyote viling'aa vizuri ajabu.

"Wote wazima!" Durk alifurahi. "Basi unga wa magnesiamu tusiwape. Mchungu, wanausonya kama watoto wa shule."

Wytske alivikusanya vichupa, akaenda kuviosha.

Jumatano walimkuta Antsje amelala ubavu malishoni, miguu ikipiga hewa, povu mdomoni. Daktari wa mifugo alikuja mbio na sindano. Hakuwahi. Wytske alikishika kichwa cha ng'ombe wake mpaka macho yalipoacha kumwona.

Froukje alifika mchana. Durk alikuwa na hasira ya mtu aliyelia.

"Dawa yako ya kung'aa katupe chooni, dada. Namba zilikuwa nzuri! Nimekuamini wewe, ng'ombe wangu kafa."

Froukje aliinamia daftari, akazisoma namba zote. "Basi kosa ni langu," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka mitatu ya kazi. Nitawaambia wenzangu dawa haifai."

Wytske hakuweza kustahimili. "Si dawa, Shangazi. Ni mimi." Akaleta dumu lililopasuka, akaeleza yote.

Hakuna aliyemgombeza. Froukje alitoa dumu jingine garini, wakapima upya ng'ombe watano waliobaki. Vichupa viwili viling'aa vizuri. Vitatu vilibaki karibu giza. Daktari aliitwa tena, sindano zikadungwa mapema, na jioni ile wote watatu walikuwa wakicheua.

"Umewaokoa hawa kwa kusema," Froukje alimwambia. "Antsje naye ungemwokoa kwa neno hilo hilo, Jumamosi. Dumu la maji lina thamani gani? Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nimevunja vyombo vingi maabarani, mwanangu, na kila kimoja nilikisema, kwa sababu kuna mtu ataiamini namba yangu."

Wytske alilia. Alijua Shangazi amesema kweli, na kweli hiyo haikumrudisha Antsje.

Alidhani hataigusa tena kazi ile. Lakini baba yake, asiye na utani siku hiyo, alimwekea daftari mezani.

"Kesho utapima."

"Mimi, Baba?"

"Wewe. Na maji matupu kwanza, nikiwa nimesimama hapo."

Asubuhi alipima maji matupu mbele ya baba yake, akaandika namba ya kweli. Kisha akaandika majina ya ng'ombe. Alipofika mstari wa Antsje kalamu ilisimama, naye Durk akamwambia auache wazi, usifutwe.