Mama Mkwe Alipoita Majina Yote Manne

– Uko wapi, Gonzalo?

– Ofisini, mpenzi. Nitakuwa wapi tena? Madrid inaungua, nakaangika humu kama samaki. Nyinyi huko mnakula upepo wa bahari tu.

– Pole, baba.

– Nishapoa, Reme. Kazi tu, kazi t…

BUUM! Tararara-BUUM!

Ilikuwa saa nane mchana, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, na hapa Gandia siku hiyo hulipuliwa baruti bandarini mpaka vioo vinatetemeka. Sikio langu la kushoto lilisikia kishindo kutoka bandarini. Sikio la kulia, lenye simu, likasikia kishindo kilekile kutoka "ofisini Madrid".

Madrid na Gandia ni mwendo wa saa nne kwa gari.

– Gonzalo, nini hicho?

– Aa… wanabomoa jengo la jirani.

– Wanabomoa kwa mdundo?

– Bosi ananiita. Nakupenda!

Akakata. Lakini kabla hajakata nilimsikia muuza vipande vya nazi akipiga kelele simuni: "Nazi baridi! Nazi baridi!" Nikachungulia chini ya roshani yetu. Muuza nazi huyo, na ndoo yake, alikuwa anakatiza kati ya miavuli ya ufukweni.

Kwetu, mume anayebaki mjini kufanya kazi wakati mkewe yuko pwani tunamwita Rodríguez, hata kama jina lake ni jingine kabisa. Baa nzima humcheka: maskini Rodríguez, anakula sadini za kopo! Na mimi nilicheka hivyo kwa miaka mitatu. Siku hiyo nikaacha simu mezani, nikaingia ndani.

Jikoni mama mkwe wangu, Encarna, alikuwa anapika wali wa kamba.

– Mama, Gonzalo yuko hapa Gandia.

Mwiko ukasimama. Hakugeuka.

– Usiseme hivyo, binti. Mwanangu yuko kazini.

– Nimesikia baruti simuni. Nimemsikia na muuza nazi. Yuko hapo chini!

– Mjinga gani aje kuzini mbele ya roshani ya mama yake?

– Mjinga anayejua kwamba siku ya leo kila mwaka tunakula kwa shangazi yake. Hajui kwamba mwaka huu shangazi anaumwa.

Encarna akatia chumvi kwenye wali, kisha akatia tena.

– Mama, wewe ulijua!

– Sikujua! Nilihisi. Kuhisi si kujua. Kaa ule, Reme. Wanaume wakipigwa na joto hupotea kidogo, halafu hurudi. Baba yake alikuwa hivyohivyo, viangazi thelathini, na nyumba haikubomoka.

– Nyumba haikubomoka. Na wewe je?

Nilisema kwa hasira, na nilijua nimepiga penye kidonda. Encarna akazima moto. Akavua aproni, akaitupa sakafuni, yeye ambaye hata kijiko hakiachi kilale nje ya droo. Akatoka nje kwenye roshani, akashika ukingo wa chuma kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

– GONZALO JESÚS CIFUENTES PALOMAR!

Mama wa kwetu akikuita jina moja, anataka ukamnunulie mkate. Akikuita majina mawili na ya koo zote mbili, ukoo wa baba na wa mama, miguu yako husimama kabla akili haijauliza kulikoni. Hata uwe na mvi.

Chini ya mwavuli wa manjano, mwanaume mwenye bukta alisimama wima kama askari.

– Naam, mama!

Kisha akagundua alichofanya. Akajaribu kukaa. Ufuko mzima ulikuwa umeshageuka kumtazama.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mchanga ukiniunguza nyayo, nami sijali.

– Habari za Madrid? Jengo limeshaanguka?

– Reme, nisikilize, si kama unavyo…

– Huyu nani, Gonza? aliuliza mwanamke aliyekuwa pembeni yake, mafuta ya jua bado viganjani.

– Mimi ni mkewe.

Mwanamke akavua miwani.

– Mkewe alikufa.

– Nimekufa lini, dada?

– Mwaka juzi. Ajali! Nimemfariji mwanaume huyu mwaka mzima. Alilia begani kwangu! Nimekuwashia mishumaa kanisani, wewe!

– Asante kwa mishumaa. Inaonekana imefanya kazi.

– Yolanda, naomba nikueleze… alianza Gonzalo.

– Mweleze marehemu! Na toka hapo, mwavuli ni wangu.

Akaung'oa kwa mkono mmoja, akaubeba begani, akaondoka bila kugeuka. Gonzalo akabaki kwenye jua kali la saa nane, akipepesa macho. Wazee waliokuwa wanacheza karata jirani wakaweka karata chini ili wasikie vizuri.

– Nimekosa, Reme. Naapa. Ila mwanaume akiachwa peke yake… hata baba alikuwa…

Kofi lilitua kabla hajamaliza. Halikuwa langu. Encarna alikuwa ameshafika, anahema.

– Baba yako usimtie mdomoni. Baba yako nilimbeba mimi. Reme hatabeba.

– Mama, mwambie anisamehe! Wewe si ulisamehe?

– Nani kakwambia nilisamehe?

Gonzalo akashika shavu lililopigwa. Nadhani hakuwahi kujiuliza swali hilo maishani mwake.

– Reme, akasema kwa sauti ndogo, twende Madrid leo. Tukaongee nyumbani.

– Nenda wewe, una kazi nyingi. Mimi niko likizo.

Nikamgeuzia mgongo. Encarna akanishika kiwiko. Tulitembea hivyo, mkwe na mkwe, mpaka mlangoni. Nilidhani ataniomba nimwonee huruma mwanawe. Mama ni mama.

– Binti, akasema, kuna ofisi ya wakili wa talaka Madrid, mtaa wa nyuma ya soko letu. Niliitafuta mwaka ule nilipokuwa na mimba ya huyu. Nilifika mpaka kwenye ngazi, nikaogopa kupanda.

Akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza nzi.

– Jumatatu tunapanda wote wawili.