Simu Iliyolala Kabatini

Kila asubuhi Mama Pacha alifagia chumba cha mbele, akapangusa vumbi kwenye kompyuta, kisha akaifunika tena kwa kitambaa. Hakuiwasha. Mumewe alikuwa amefariki miezi minne iliyopita, na kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta kilikuwa bado chake.

Baba Pacha alikuwa fundi wa tovuti, yaani kurasa za biashara ambazo watu huzifungua kwenye simu zao. Yeye alipanga kurasa, mkewe alipiga picha na kuandika maneno. Walikuwa na wateja tisa. Simu ikilia, Baba Pacha hakusema "haloo" kama watu wengine. Alisema, "Karibu. Wewe unauza nini?" Mkewe alimcheka mpaka akachoka.

Siku ya mazishi simu ile ililia mfululizo. Mama Pacha aliizima, akaisukumiza kabatini chini ya mashati ya marehemu. Asingevumilia kuisikia ikilia na mwenyewe hayupo.

Siku moja fundi cherehani, rafiki wa marehemu, alibisha hodi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji, nisamehe kukusumbua na msiba wako. Tovuti yangu imepotea."

"Imepotea vipi?"

"Mteja wa sare za shule alinitafuta, akakuta ukurasa mtupu. Akadhani nimefunga duka. Kazi ameipeleka kwingine."

"Mwenzangu, mambo yale alikuwa nayo yeye kichwani. Ameondoka nayo."

Fundi hakulaumu. Alikaa tu akiitazama kompyuta iliyofunikwa, na hilo lilimuuma Mama Pacha kuliko lawama.

Kesho yake Mama Pacha alikwenda kwa mwalimu wa kompyuta aliyemfundisha mumewe, mama mtu mzima asiyezunguka maneno.

"Anwani ya tovuti haiwi yako milele," mwalimu alieleza. "Ni kama chumba cha kupanga. Kila mwaka inalipiwa upya. Muda ukikaribia kwisha, kampuni inayokodisha anwani humkumbusha aliyeandikishwa. Hizo tisa ziliandikwa kwa jina la nani?"

"La kwake, zote. Na namba yake ya simu. Alisema hataki kuwasumbua wateja."

Mwalimu alishusha pumzi. "Alikuwa na moyo mzuri, lakini hapo aliteleza, mwanangu. Anwani ni mali ya mteja. Iandikwe kwa jina la mteja na namba ya mteja tangu siku ya kwanza. Fundi akiugua au akifa, duka la mtu lisifungwe naye."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Kosa la marehemu lilimchoma kama lake.

"Simu yake iko wapi?"

"Kabatini."

"Iwashe leo. Anwani isipolipiwa kwa muda mrefu, mtu mwingine anaweza kuichukua. Leta na cheti cha kifo. Tutaiandikia kampuni pamoja."

Mashati yalikuwa bado yananuka jasho lake na sabuni. Mama Pacha alikaa kitandani akalia, kisha akajikaza, akaichomeka simu kwenye chaji. Maonyo ya kampuni yakaanza kumiminika.

Anwani saba zilikuwa salama. Ya fundi cherehani iliokolewa baada ya barua mbili. Ya kinyozi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Mama Pacha hakujificha. Alikwenda kwa kinyozi kwa miguu yake, akamweleza ukweli. Kinyozi alimsikiliza, mkasi ukiwa juu. "Pole kwa msiba," alisema, akaendelea kunyoa. Hakuwa mteja wao tena.

Nane zilizobaki zikaandikwa upya, kila moja kwa jina la mwenyewe. Ndipo Mama Pacha akauliza, "Na wateja wapya nitawapata wapi? Nibandike tangazo kwamba natengeneza tovuti za kisasa?"

"Nani mtaani anatafuta tovuti?" mwalimu alisema. "Watu wanatafuta wanunuzi. Pita dukani kwao, waonyeshe kwenye simu kazi mliyomfanyia fundi cherehani. Usianze kujisifu. Muulize mtu kwanza anauza nini, na wanunuzi wake humuuliza nini kila siku. Majibu hayo ndiyo utakayoweka juu kabisa ya ukurasa."

Mama Pacha alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Kumbe ndiyo maana alikuwa akiuliza vile. Ulimfundisha wewe?"

"Hilo sikumfundisha. Alikuja nalo mwenyewe."

Wiki ile Mama Pacha alipita maduka sita, akiacha namba ileile ya simu ya mumewe. Watano walimwambia watafikiria. Muuza miche alimkaribisha akae, naye akampigia picha za miche yake.

Ikabaki anwani moja, ya biashara yao wenyewe. Penye nafasi ya mmiliki palikuwa na jina la mumewe. Mama Pacha alilifuta herufi moja moja. Mara mbili alisimama ajipanguse macho. Kisha akaandika lake.

Simu ikalia mezani. Namba ilikuwa ngeni. Pacha waliokuwa wakicheza sakafuni waliacha mchezo, wakamtazama mama yao.

Akapokea. "Karibu," alisema. "Wewe unauza nini?"