Gunia la Popo wa Uroa

Nilitumwa gunia tu.

Magharibi inaingia, mwaka wa hamsini na sita, pangoni nyuma ya Uroa. Nibebe gunia la udongo, nilitie garini, turudi mjini. Kazi ya punda. Na kwa mabega haya ya Msabah, punda wa soko la Darajani wenyewe walikuwa wakinipisha njia.

Mwenye gunia ni Abbas, Mhindi wa Mji Mkongwe. Ndugu zake wanauza vitambaa. Yeye anatafuta mifupa ya popo. Nilimcheka mpaka akazoea. Skuli niliikimbia mapema, lakini alivyonieleza nikafahamu. Udongo wa juu una mifupa ya popo hawa hawa wanaotumalizia mapera. Ukichimba chini, namna zinazidi: wenye pua kama jani, wenye masikio kupita kichwa, na mmoja ana taya kubwa kama la paka. Zamani wote waliruka Unguja hii hii.

"Sasa wameisha," Abbas alisema.

"Hawajaisha." Bi Mwanapili, mtunza pango, alikuwa amekaa mlangoni. "Pango hili kila namna lina mmoja wake ndani. Isipokuwa mtu."

Pango lile lina mzimu. Anayechukua kitu huacha kitu, na anachoacha hukitaja kwa sauti. Abbas alinipa halwa niiweke. Nilishaimaliza njiani. Mzimu una meno?

Bibi akaniuliza naacha nini. Mikono mitupu, na mimi si mtu wa kukosa jibu. Nikapiga kifua.

"Namwacha Msabah mwana wa Kazija. Mzimu umchukue ukimuweza."

Abbas alicheka. Bibi hakucheka. Akajifunika kanga usoni.

"Kajitaja, na jina la mamake," akanong'ona.

Pango likanyamaza. Hata matone ya maji yakakoma.

Kisha harufu... chachu, kama mapera yaliyooza ndani ya nguo mbichi. Kisha wakatoka. Popo wanapotoka husikika mbawa. Hawa hawakuwa na sauti. Mmoja akapita karibu na uso wangu, pua yake jani. Mwengine masikio yake yakanigusa shavu. Wa mwisho alitoka polepole, taya lake kubwa kama la paka.

Abbas alinishika mkono.

"Yule... yule nnaye kwenye gunia."

Nikalibeba gunia mbio mpaka garini. Jepesi. Njia nzima niliimba, nimtie moyo yeye, si mimi.

Kesho yake magharibi nilikuwa ghorofani kwa Abbas, namsaidia kuchekecha. Mama alikuwa anapita kunichukua tukale. Nikasikia makubadhi yake uchochoroni, kisha sauti yake.

"Msabah!"

Nikafungua mdomo.

Ndani ya gunia, sauti yangu ikajibu.

"Naam, mama."

Ungo ukamtoka Abbas mikononi.

"Shuka basi," mama akasema chini. "Wali unapoa."

Gunia likalegea, likalala bapa kwenye sakafu. Ngazi zikaanza kulia, moja moja, kama ngazi zinavyolia chini ya mabega yangu. Mlango wa chini ukafunguka. Ukafungwa.

Nikakimbilia dirishani. Mama anakwenda zake, anasimulia bei ya samaki, mkono wake umeshika mkono. Nikamwita. Nikamwita tena, mpaka koo likauma. Hakugeuka.

Aliyeshikwa mkono ndiye aliyegeuka. Akanicheka, kwa meno yangu.

Bi Mwanapili tulimfuata Uroa, akasema neno moja: mwenyewe nilitaja jina, pango limelivaa, na kilichotajwa hakirudishwi. Abbas ananiona, pengine kwa sababu alinishika mkono siku ile. Wengine hunipita kama ukuta. Udongo tuliokwisha kuuchekecha nao hatuugusi tena, maana kila magharibi husikika kitu kinajikuna mle.

Nalala kwa Abbas, kitanda cha dirishani. Siogopi mtu mimi. Mama akipita nakaa tayari, mdomo wazi, aniite tu.

Haniiti. Ana wa kumwita.