Nilimwondoa Baba Kitini Siku ya Posa ya Binti Yangu

Nina miaka hamsini na mmoja, ni mtunza ghala huko Masoro, na naishi Niboye. Sikusoma sana, lakini jambo nikilianza nalifuata hadi mwisho wake. Ndiyo tabia iliyoniangamiza!

Nilikulia nchi jirani, mjini Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa fundi cherehani niliyemwita baba. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la ukoo, hivyo jina halikunionyesha kitu. Lakini shangazi zangu walikuwa wakinong'ona...

Mama alipofariki, niliomba parokia ya kule nakala ya ubatizo wangu. Palipoandikwa baba palikuwa na jina la mtu mwingine! Sikuridhika na karatasi moja. Nikaomba na ya ndoa: mama aliolewa na fundi mimi nikiwa tayari natembea. Nikawauliza wazee waliokuwa wakisali pale zamani, hadi nikampata mtu mwenyewe. Tajiri, anaishi Rebero, mji huu huu ninaoishi mimi.

Hakukana. Alinishika mikono, akalia. "Weye uko damu yangu," akasema. Wasomaji wenzangu, nani asingelewa furaha?

Wakati huo binti yangu alikuwa anaposwa. Katika gusaba, sherehe yetu ya posa, mzee wa upande wa msichana hukaa mbele. Yeye ndiye huombwa, na yeye ndiye hutoa. Kiti kile nikampa mzee wa Rebero. Baba yangu fundi, ambaye macho yake yamefifia lakini alikuwa amejishonea suti kwa ajili ya siku hiyo, nilimwambia akae na waalikwa wengine.

"Sawa," akasema. Basi.

Siku ikafika. Msemaji wa upande wa kijana akainuka, akasema wamekuja kuomba binti.

"Mimi siko na binti hapa," mzee wa Rebero akajibu.

Watu wakacheka, wakapiga makofi! Kwenye gusaba ni desturi upande wa msichana kujifanya hauna mtoto, ili waombaji watoke jasho kidogo.

"Haya muzee, basi tutalala hapa hapa!" msemaji akatania.

"Sifanyi mchezo. Wanangu wamekataa nimtambue. Huyu mwanaume anayejiita mtoto wangu simjui." Akachukua fimbo yake, akaondoka...

Kicheko kikafa. Wakwe wakaanza kuulizana: hawa ni watu wa namna gani? Binti yangu alikuwa ndani, amevaa, anasikia kila neno! Nikakimbilia viti vya nyuma, nikapiga magoti mbele ya baba.

Alinipita kama mtu anayepita jiwe. Akaenda mbele, akasema kwa sauti tulivu, "Msichana iko wangu. Mimi ndiye nilishona nguo yake ya kwanza. Nawapa, mumtunze."

Binti yangu aliolewa. Lakini mimi je?

Baba sasa anaishi kwa dada yangu. Kila Jumapili naenda kuomba msamaha. Nikiita "Baba", hageuki. Jumapili iliyopita nilimsikia akimwuliza dada kwa adabu, "Huyo mgeni umempa chai?"

Ndugu msomaji, kutafuta asili yako si dhambi. Tafuta. Lakini nakusihi, usimwinue mtu kwenye kiti chake kwa sababu karatasi haina jina lake! Mimi leo najua jina la aliyenizaa, na sina ninayeweza kumwita baba akaitika.