Sahani ya Shemsa

Tik, tik, tik. Kabla ya alfajiri, mchi mdogo uligonga iliki kinuni, na kifuani mwa Bi Mwanaidi moyo-chuma ukaitikia. Mafundi wa mji wa Chemchemi walimtilia moyo huo wa umeme pale wake wa kuzaliwa ulipochoka, nao haukuwahi kumwangusha.

Vitumbua vilipoiva, alivipanga kwenye sahani ya bati yenye maua, akatwaa fimbo ndefu yenye taa nchani, akashika njia ya langoni.

"Unampelekea tena yule mkosi?" aliuliza Makame, mlinzi wa lango. "Juzi kasogea kidogo tu, redio yangu ikafa!"

"Mkosi huyo ndiye anayekulinda wewe unapokoroma, Makame."

Mkosi mwenyewe alikuwa Shemsa, bintiye. Yeye ndiye mshika Kizima, upanga uliofuliwa na wahandisi ili kuua mashine. Lakini upanga ule ulikuwa na laana: nguvu zake ziliingia mifupani mwa mshikaji zisitoke tena, na chochote cha umeme kilichokuwa karibu naye kikazimika. Kila alipouchomoa, duara hilo lilitanuka. Watu wote waliukataa. Shemsa aliushika siku ile nzige-chuma, mashine za migodini zilizoasi, walipokuja kutafuna mabomba ya maji. Mji ukaokoka, kisha ukamtoa nje. Sasa aliishi kibandani, nyuma ya mstari wa chokaa. Anayemtembelea hutanguliza taa; ikififia, husimama hapo hapo.

Bi Mwanaidi aliiweka sahani mstarini.

"Umekonda, mwanangu!"

"Mama, hata ningekuwa kiboko ungesema nimekonda!" Shemsa alicheka mlangoni pa kibanda chake.

Ghafla anga ilivuma. Wingu la nzige-chuma likashuka kwenye mabomba, maji yakaruka juu. Shemsa alishika mpini, lakini hakuchomoa.

"Kimbia, mama! Nikiuchomoa ukiwa hapo, moyo wako utasimama!"

Bi Mwanaidi akakimbia, ila magoti ya uzee hayajui haraka. Bomba la pili likapasuka. Shemsa bado alingoja, machozi yakimtiririka. Mara mikono ikamnyanyua yule mama: alikuwa Makame, ameacha lindo lake. Alimbeba mgongoni kama mtoto, akapita naye langoni mbio, akaingia naye ndani kabisa mjini. Hapo ndipo alipogeuka na kupaza sauti:

"Chomoa, dada yangu!"

Mwanga mweupe ukapasua asubuhi. Nzige-chuma wakadondoka kama mvua ya mawe. Taa za langoni zikazimika zote. Kifuani mwa Bi Mwanaidi: tik, tik, tik.

"Huyo ni mwanangu," aliwaambia watu waliokusanyika, naye alisimama wima kuliko siku zote. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Makame alichora mstari mpya wa chokaa, mbali sana na kibanda, ndani kidogo ya lango, pale ambapo taa ilikubali tena kuwaka. Hakuna aliyemwomba. Kutoka hapo uso wa Shemsa haukuonekana tena; alikuwa nukta tu mbugani. Bi Mwanaidi alisimama akingoja sahani yake. Kwao sahani ya watu hairudi tupu. Japo chumvi kidogo hutiwa.

Ile nukta ikainua kitu kilichometa juani.

"Sina cha kutia, mama!" Sauti ilifika nyembamba, lakini ilifika. "Na tupu siirudishi! Njoo tena kesho uifuate!"